Sekunde Kumi na Nne

1

Jumatatu hiyo Minza Lugembe hakuwa akitafuta kosa la mtu yeyote. Alikuwa mbele ya kompyuta yake, kikombe cha uji wa ulezi kikipoa pembeni, akifanya kazi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kufanya: kulinganisha mapacha na ndugu zao.

Ndugu walikuwa betri mia mbili na kumi na mbili, kila moja ikiwa ndani ya kifua cha mtu aliye hai, ikizungusha pampu ndogo iliyowekwa badala ya moyo uliochoka. Mjini Mwanza pampu hizo ziliitwa mota, na waliokuwa nazo waliitwa wenye mota, kama vile wengine wanavyoitwa wenye miwani. Mapacha walikaa ndani ya kompyuta. Kila betri ilikuwa na pacha wake, saketi ya kuchorwa tu, isiyo na waya wala joto, ambayo ilitakiwa kufanya kila kitu ambacho betri yenyewe ilifanya. Betri ikichoka, pacha achoke. Ikichajiwa, naye achangamke. Kila alfajiri mwenye mota alivaa fulana ya kuchajia kwa dakika arobaini, na fulana hiyo ndiyo iliyopeleka habari za betri tangu jana yake Kituoni, hospitali ya wenye mota alikofanya kazi Minza. Kifua hakipasuliwi ili betri itazamwe. Aliyetaka kujua hali yake alimtazama pacha.

Pacha aliyetumika Kituoni aliandikwa miaka kumi na miwili nyuma na Daktari Kokushubira, Mhandisi Mkuu, siku ambazo wenye mota walikuwa tisa tu. Alikuwa pacha wa kawaida: chanzo cha volti na rezista moja. Volti zikishuka, alihesabu kwamba betri inaisha. Zikishuka mno, alihesabu kwamba imezeeka. Aliiona betri kama ndoo ya maji.

Minza alikuwa na pacha mwingine, aliyemtengeneza kwa miaka mitatu katika saa zake za ziada. Huyu alikuwa na rezista tatu na kapasita mbili, jozi moja ya kuitikia haraka na nyingine ya kuitikia polepole, kwa sababu Minza alikuwa ameona juu ya meza ya maabara kwamba betri ikikamuliwa ghafla volti zake huanguka, na ikiachwa itulie hujiinua yenyewe bila kuchajiwa na mtu. Pacha wake alijua kupumzika. Ila hakuwa amepitishwa na Bodi ya Kituo. Bodi ilikaa mara moja kwa mwaka, kila Januari, na sasa ilikuwa Juni.

Akafika namba mia na arobaini na saba.

Nyamizi Kashindye, miaka thelathini na tisa, kazi yake kujalidi vitabu. Mstari wa betri yake ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula: volti tatu nukta saba tano, mchana na usiku, mwezi hadi mwezi. Pacha wa Daktari Kokushubira alimpa miaka minne. Katika orodha ya Zamu, iliyopanga nani abadilishiwe betri kabla ya nani, alikuwa wa sitini na moja.

Lakini Jumamosi iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mstari ule ulikuwa na shimo. Dogo, la sekunde kumi na nne. Volti zilidondoka hadi tatu nukta nne, zikarudi. Pacha wa Daktari hakulijali, maana lilikuwa juu ya kiwango cha hatari. Pacha wa Minza alilijali sana.

Minza akapiga simu.

"Dada Nyamizi, habari za tangu juzi? Ni Minza wa Kituoni. Samahani, nina swali la ajabu kidogo. Jumamosi alasiri ulikuwa unafanya nini?"

Nyamizi akacheka. "Mbona unaniuliza kama polisi? Si ile mvua ya ghafla? Nilikuwa nimeanika majalada uani, gundi mbichi. Nikaenda kuyaokoa."

"Ulikimbia?"

"Kukimbia ni neno kubwa. Nilitembea upesi. Halafu nikakaa chini hadi magharibi. Mimi si mtu wa mbio, dada."

Minza akamshukuru, akaweka simu mezani taratibu. Mtu ametembea upesi hatua ishirini, na betri yake imeanguka kiasi kile. Mkondo wa umeme ulikuwa haujafika hata maradufu. Akamchukua pacha wa Nyamizi, akampa homa: siku mbili za malaria ya kawaida, mota ikizunguka kwa kasi ya mgonjwa. Akabonyeza. Mstari ukateremka, ukajaribu kujikongoja, ukateremka tena. Katika saa ya thelathini na moja, mota ilisimama.

Akarudia mara nne, kila mara akimhurumia pacha zaidi kidogo. Mara zote nne ilisimama.

Hapo ndipo aliposahau uji. Betri ya Nyamizi ilikuwa imechakaa ndani, ila mwenyewe aliishi maisha ya kukaa, akaiomba kidogo kidogo, nayo ikampa kidogo kidogo, na hakuna aliyewahi kuiuliza swali gumu.

Kila mwezi zilipatikana betri mpya mbili, si zaidi. Minza akafungua orodha ya Zamu na kuwapitia waliokuwa juu. Wa mwezi ujao wote wawili walikuwa wamechoka kweli. Pacha wa Daktari na pacha wa Minza walikubaliana juu yao. Mmoja tu, wa mwezi huu, walitofautiana juu yake. Pacha wa zamani alisema betri yake imekufa nusu. Pacha wa Minza alisema bado ina miaka mitatu. Huyo ndiye aliyekuwa apasuliwe Alhamisi, siku tatu zijazo.

Aliitwa Luhende Maduhu. Alikuwa kaka wa mama yake Minza, na ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu.

2

Daktari Kokushubira alisoma karatasi zote za Minza, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, mwenye mvi fupi, na hakuwahi kuonekana akiharakisha kitu.

"Sekunde kumi na nne," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Waya wa fulana ukilegea wakati wa kupokea habari, unatoa alama kama hii."

"Nimeangalia. Waya ukilegea, mkondo unashuka pamoja na volti. Hapa mkondo ulipanda."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi aje, tumpandishe baiskeli ya mazoezi tuone—" Akajikatiza mwenyewe. "Hapana."

"Hapana," Minza akasema. Kama pacha alikuwa anasema kweli, baiskeli ingemuua yule mwanamke mbele yao. Fulana ilichaji tone kwa tone. Isingeweza kubeba mota peke yake.

"Na unayetaka kumwondoa ni mjomba wako."

"Sitaki kumwondoa. Ila ndiye pekee ambaye haihitaji."

"Kwa maneno ya saketi uliyoichora wewe, ambayo Bodi haijaiona." Daktari alivua miwani. "Minza, unaijua Kanuni ya Tisa?"

Aliijua. Mhandisi Mkuu anaweza kubadili Zamu kwa ushahidi wa kipimo kilichofanywa kwa mtu, na si kwa kompyuta peke yake.

"Niliiandika mimi," Daktari alisema, "nikiwaogopa vijana hodari kama wewe. Kompyuta inapenda kumridhisha aliyeiandika. Ukinyamaza, hakuna kanuni utakayokuwa umevunja. Mjomba wako atapata betri mpya, na huyu mama pengine hataugua hata mafua mpaka Januari."

"Pengine."

"Pengine," Daktari alirudia.

Minza alikuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima ya korido. Nyamizi hakuweza kupimwa. Lakini mjomba aliweza. Pampu ya mjomba ilikuwa na breki, kama za wote: volti zikishuka chini ya tatu nukta mbili, mota ilijipunguza kasi ili isizimike. Breki hiyo ilimwangusha mjomba mwaka juzi katikati ya ngoma, mbele ya watu, na tangu hapo hakuwa amecheza. Kama pacha wa Minza alikuwa mkweli, breki ile ilikuwa inafungwa bure.

"Nichore leo mstari wa betri yake itakavyokuwa akicheza dakika ishirini bila breki," alisema. "Nikupe, uufungie. Jumatano acheze. Mstari wake ukitofautiana na wangu, Alhamisi ni yake na mimi nasubiri Januari. Ukilingana, pacha atakuwa amesema kweli kwa mtu, si kwa kompyuta."

"Utakuwa umepima mbuzi ukataja uzito wa ng'ombe."

"Mizani ni ile ile, Daktari."

Daktari Kokushubira alikaribia kutabasamu. "Akubali mwenyewe," alisema. "Na akijua anachokubali. Mweleze yote isipokuwa jina."

3

Luhende alikuwa nyumbani kwake Kisesa, amekaa kwenye kigoda barazani, akipaka mafuta mipini ya majembe. Siku hizo mashamba yalilimwa na mashine zilizojiendesha zenyewe, na majembe hayo sita hayakuwa yameonja udongo kwa miaka. Yalikuwa ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kulimia, ambamo mchezaji huzungusha jembe, hulirusha juu na kulidaka mgongoni. Luhende, miaka sitini na sita, alikuwa kiongozi wa wachezaji wa kikundi cha Bagika, mahasimu wa kikundi cha Bagalu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja mchana, siku ya kazi. Ama nimekufa na hawajaniambia."

Minza akaketi kwenye mkeka. Njiani alikuwa amejipanga kumweleza kwa mpango, lakini maneno yakamponyoka yote kwa mkupuo: mapacha, breki, mwanamke asiyetajwa, Alhamisi. Mzee alisikiliza bila kuacha kupaka mafuta.

"Ngoja," alisema mwishowe. "Nieleze kitu kimoja. Hiyo betri yangu ikishuka, inarudije bila kuchajiwa? Maji yaliyotoka kwenye mtungi hayarudi."

"Hayajatoka yote, mjomba. Mengine yamo ndani lakini yako mbali na mdomo. Yanahitaji muda kusogea."

Luhende akaweka jembe chini. "Kumbe kisima cha mchangani."

"Kipi?"

"Nyie hamkuvikuta. Kiangazi tulikuwa tunachimba kwenye mto mkavu. Ukichota haraka haraka, kinakauka, unaona mchanga. Mgeni anasema kimekufa, anakwenda zake. Mwenyeji anakaa kivulini anavuta ugoro. Akirudi, maji yamejaa." Akalisogeza kopo la mafuta kando. "Na yule mama, chake kimeziba. Ila anachota kwa kikombe. Kikombe kimoja, anapumzika. Kikombe kimoja, anapumzika. Kila akichungulia, anaona maji, anadhani yapo."

Minza alimtazama. Miaka mitatu alikuwa akitafuta namna ya kuyasema hayo kwa Bodi.

"Ndivyo hasa, mjomba."

"Basi nimeelewa." Lakini uso wake haukuwa na furaha ya mtu aliyeelewa. Alitazama majembe yake sita. "Miezi saba nimeihesabu Alhamisi hiyo, Minza. Tarehe saba Julai tunashindana na Bagalu. Nimewaambia wenzangu, nitakuwa na betri mpya, nitacheza. Kila asubuhi navaa hiyo fulana nasema, vumilia."

"Najua."

"Na wewe unakuja kuniambia nicheze ili nithibitishe kwamba sistahili."

Kuku alipita barazani, akachungulia kopo la mafuta, akafukuzwa.

"Ukikosea je?" mzee aliuliza.

"Nikikosea, mstari utaonyesha, na Alhamisi inabaki yako. Nikikosea na mstari usionyeshe..." Aliona heri aseme. "Utabaki na betri iliyochoka, bila breki, na yeye atapewa kitu asichokihitaji. Kosa litakuwa langu mimi, na mwili wako."

Luhende alicheka ghafla, kicheko kifupi. "Mama yako hakuwahi kusema uongo hata wa kuuzia ng'ombe. Alitutia hasara nyingi sana." Akachukua jembe, akalipima uzito mkononi. "Nitacheza. Masharti mawili. Nisiijue sura ya huyo mama. Nikimjua nitataka anishukuru, na kila nikimwona nitamwangalia kifua. La pili, niletewe ngoma za kweli. Sitacheza kwa muziki wa simu."

4

Jumatano saa nne asubuhi wapigaji wawili wa kikundi cha Bagika walisimika ngoma zao kwenye uwanja wa Kituo, chini ya madirisha ya wodi. Habari zilikuwa zimeshapita. Wauguzi walijipanga kwenye ukuta, na mpishi alikuja na mwiko wake.

Daktari Kokushubira aliketi kwenye kiti cha plastiki, bahasha aliyoifunga juzi ikiwa mapajani. Daktari wa upasuaji alisimama karibu na machela. Minza alikuwa na kompyuta juu ya meza, na kwenye kioo chake betri ya mjomba ilikuwa mstari mmoja wa kijani uliotulia. Aliandika amri, na breki ya mota ikafunguliwa.

"Tayari, mjomba."

Luhende alikuwa amevaa njuga miguuni na fulana kifuani, iliyopeleka habari tu bila kuchaji. Alianza polepole, akizunguka uwanja kwa hatua za mtu anayepima shamba. Ngoma zikamfuata. Kisha akawa yeye anayezifuata, halafu haikujulikana nani anamfuata nani. Jembe likaanza kuzunguka mkononi, likapita chini ya goti, likaruka juu zaidi ya kichwa na kushuka mgongoni, likadakwa. Mpishi akapiga kigelegele.

Mstari uliteremka. Tatu nukta tano. Tatu nukta tatu. Ukapita tatu nukta mbili, pale ambapo breki ingemshika, ukaendelea hadi tatu nukta moja. Mota haikupunguza. Luhende alisita nusu hatua, kama mtu aliyezoea kujikwaa mahali fulani na leo hakuona kizingiti. Halafu akacheka kwa sauti na kuingia tena kwenye ngoma. Kila alipozunguka taratibu kuvuta pumzi, mstari ulijiinua.

Dakika ya kumi na saba, ulianguka. Tatu nukta sufuri tatu. Sufuri mbili.

Minza aliukumbuka mstari aliouchora. Haukuwa na shimo hapo. Akasimama, mkono juu, tayari kupiga kelele. Daktari wa upasuaji akapiga hatua mbili mbele.

"Mwangalie yeye kwanza," Daktari Kokushubira alisema kwa utulivu. "Halafu kioo."

Akamwangalia. Mjomba alikuwa amepiga magoti, akarusha jembe akiwa chini, akaruka kutoka magotini hadi wima kulidaka, na sasa alikuwa analifanya jambo hilo kwa mara ya pili, jasho likimng'aa, meno yote nje.

"Hilo halikuwemo!" Minza alisema.

"Lipi?"

"La magoti! Nilimwambia acheze kama zamani. Ameongeza!"

Ngoma zilikoma dakika ya ishirini. Luhende aliketi kwenye machela kwa hiari yake na kuomba maji. Daktari Kokushubira alifungua bahasha, akaweka karatasi kando ya kioo. Mistari miwili ilikwenda pamoja kama reli, dakika kumi na sita nzima. Pa magoti wakaachana.

"Hapa umekosea," Daktari alisema.

"Nilikisia atakavyocheza. Nikampa pacha mkondo niliokisia." Minza alivuta kiti. "Niruhusu nimpe ule aliocheza kweli. Sibadili rezista hata moja, sibadili kapasita. Ukae hapa uone."

Daktari alisogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana. Minza aliingiza mkondo wa kweli, ule uliopimwa kwenye mota, akabonyeza. Mstari wa pacha ulijichora kutoka kushoto, ukashuka, ukapanda, ukafika dakika ya kumi na saba na kudumbukia. Tatu nukta sufuri mbili. Ulikaa juu ya mstari wa betri hata usiweze kujua upi ni upi.

Daktari Kokushubira aliufuata mstari kwa kidole hadi mwisho. "Pacha wangu angesema nini hapa?"

Minza alisita, kisha akamwonyesha. Pacha wa zamani alikuwa amemaliza betri dakika ya tisa.

"Kwa hiyo kwa pacha wangu," Daktari alisema, "huyu mzee ni marehemu anayeomba maji."

Alitoa kalamu, akaandika chini ya karatasi mistari miwili ya kubadili Zamu, akatia sahihi. Kisha akaenda mwenyewe kwenye machela. Minza aliwaona wakizungumza, yeye ameinama, mzee amekaa. Mjomba alikubali kwa kichwa mara moja. Baadaye alitazama chini kwenye njuga zake kwa muda, na Minza akajua kwamba kukubali mapema na kupoteza kweli si kitu kimoja. Aliposogea karibu, mzee aliinua uso.

"Miaka miwili sijacheza hivi," alisema. Sauti yake ilikuwa na mchanganyiko wa furaha na uchungu ambao Minza hakuusahau. "Miaka miwili nilikuwa nakanyaga breki ya watu wengine. Nani amepika hapa? Nina njaa."

5

Alhamisi Nyamizi Kashindye alipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi, na saa nane mchana alikuwa na betri mpya. Alipoambiwa kwamba zamu yake imesogezwa, aliuliza swali moja tu: kama kuna mtu ameumia kwa sababu hiyo. Wakamwambia hakuna.

Ijumaa betri yake ya zamani ililetwa maabara ndani ya bakuli la chuma. Haikuwa kubwa kuliko sanduku la kiberiti. Minza aliiunga kwenye meza ya vipimo, Daktari Kokushubira akiwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake betri hiyo iliulizwa swali gumu: mkondo wa mtu mwenye malaria ya siku mbili, ule ule aliopewa pacha.

Pacha alikuwa amesema saa thelathini na moja. Betri ilidumu ishirini na sita.

Walikaa wakiisubiri kwa zamu, mchana hadi mchana wa pili, na ilipozimika hakuna aliyeshangilia.

"Umekosea saa tano," Daktari alisema.

"Ndiyo."

"Irekebishe." Alikaa kwenye stuli, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti ingawa ilikuwa safi. "Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwafurahia wenye mstari ulionyooka. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, mgonjwa mzuri ni huyu, tazama anavyojitunza. Wapo wangapi wa namna hiyo?"

"Ishirini na watatu."

"Wote waitwe. Si kwa baiskeli. Tutafute swali dogo, lisilodhuru, la sekunde moja au mbili. Pacha wako si anasikia hata jibu dogo?"

"Anasikia."

"Basi Jumatatu tuanze. Januari nitampeleka kwenye Bodi mimi mwenyewe. Nitawaeleza kwa kisima cha mchangani. Usinitazame hivyo, mjomba wako amenieleza mara tatu."

Kati ya wale ishirini na watatu, wawili walikutwa wamechoka ndani kama Nyamizi, nao wakapandishwa juu ya orodha. Ishirini na mmoja walikuwa wazima kabisa, na baadhi yao walikasirika kwa kusumbuliwa. Tarehe saba Julai Bagika, Luhende akiongoza, walishindana na Bagalu mbele ya uwanja uliojaa, wakashindwa kwa pointi chache. Luhende alisema waamuzi walikuwa vipofu, akasema hivyo kwa wiki nzima, kila siku kwa furaha mpya.

Mwishoni mwa mwezi huo Nyamizi alikuja Kituoni kukaguliwa. Alibeba kitabu kikubwa alichojalidi kwa ngozi ya kahawia, karatasi zake zote tupu, zawadi ya maabara. Minza alimpima, akaona kila kitu kiko sawa, akamwambia avae.

Nyamizi hakuinuka mara moja. "Dada Minza, nikuulize. Hiyo betri yangu ilianza kuchoka lini?"

"Kwa hesabu yetu, kama miaka miwili na nusu."

"Miaka miwili na nusu." Alifunga vifungo vya blauzi moja moja. "Mimi nilikuwa naimba kwaya, unajua? Nikaacha. Nilikuwa natembea hadi sokoni, nikaanza kumtuma jirani. Nikahamishia meza yangu karibu na kitanda. Hakuna siku niliyosema naumwa. Niliona tu kwamba ndivyo nilivyo, mtu wa kukaa. Wakinialika mahali nasema, ah, mimi si mtu wa kutoka. Nilidhani ni tabia yangu."

"Na sasa?"

"Sasa sijui tabia yangu ni ipi." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu aliyepewa chumba cha ziada katika nyumba yake na bado hajaamua aweke nini humo.

Kituo kilikuwa juu ya mawe, na kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na ngazi sabini na mbili. Minza alimsindikiza hadi kwenye ngazi ya kwanza, wakaagana. Nyamizi alishuka akishika ukuta, kisha akaacha kuushika. Alifika chini, penye jua, watu wakipita na shughuli zao. Akasimama. Minza alidhani anasubiri pikipiki.

Nyamizi aligeuka, akakunja sketi yake kidogo juu ya magoti, na akaanza kuzipanda ngazi zote tena.